KULWA NA DOTO: MAANA, ASILI NA KUENEA KWA MAJINA YA MAPACHA KATIKA USUKUMA

Kata ya Ngulyati imo katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, pande za Usukuma ambako lahaja ya Gimunantuzu husemwa. Huko, kama kwingineko katika Usukuma, jina la mtoto mara nyingi ni habari ya kuzaliwa kwake. Pacha atanguliaye huitwa Kulwa. Amfuataye huitwa Doto. Na mtoto azaliwaye baada ya mapacha huitwa Shija. Majina hayo hupewa wa kiume na wa kike sawasawa.

Kuzaliwa kwa mapacha lilikuwa jambo zito, lenye sherehe ziitwazo mabasa, ambazo Hans Cory aliziandikia makala katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1944. Jina basi halikuwa pambo, bali lilimweka mtoto mahali pake katika mwandamano wa uzazi. Mwandamano wa namna hiyo wapatikana kwingine pia: Waganda humwita Kizza amfuataye mapacha, na Wayoruba wa Nijeria wana Taiwo, Kehinde na Idowu.

Kulwa na Doto si majina ya Wasukuma peke yao. Wanyamwezi wanayo, Wazaramo wanayo, na Kiswahili kimeyapokea hata yakawa nomino za kawaida, kurwa na doto. Mwaka 1960 Muhammad Saleh Farsy wa Unguja alikipa kitabu chake jina la Kurwa na Doto. Tahajia yenye r ni ya pwani, maana Kisukuma hakina sauti hiyo katika maneno yake ya asili. Tena, Kiswahili cha kawaida kilichukua jozi hiyo tu, kikamwacha Shija. Jambo hili laelekea kuonyesha kwamba chimbuko ni bara, ambako mwandamano ni mzima. Njia nayo ilikuwapo, kwani katika karne ya 19 wapagazi wa Unyamwezi na Usukuma waliteremka Bagamoyo kwa maelfu.

Lakini kuenea kwa jina kwaweza kuififisha maana yake. Mjukuu huitwa Doto kwa kumkumbuka bibi yake, ingawa yeye alizaliwa peke yake. Na tangu madaftari ya shule na ya kodi yalipotaka jina la baba, Kulwa limerithiwa na watoto wasio mapacha. Ndivyo lilivyopata kuwa jina Thomas, ambalo asili yake ni neno la Kiaramu lenye maana ya pacha. Huko Wales leo ni jina la ukoo la watu wengi, wala halimwambii mtu lolote juu ya kuzaliwa kwao.

Kwa hiyo mtafiti akutaye jina la Kulwa katika daftari la Ngulyati asihesabu pacha mara moja. Yampasa kuuliza ni nani aliyepewa jina hilo kwanza, na kwa sababu gani. Daftari huhifadhi jina; sababu yake imo vinywani mwa wazee, na isipoandikwa itakwenda nao.