Walijuana

Wiki iliyopita niliota nimegundua mji usiojulikana. Kuta za mawe zilipanda ngazi kwa ngazi chini ya mlima, na maji yalipita katikati ya mtama. Nikapiga kelele kwa furaha. Bibi mmoja mwenye jembe akaniuliza, "Umepotea, mjukuu wangu?"

Mji kama ule upo. Ni Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mvua pale ni haba. Kuanzia karne ya 15 hivi, wakulima waliyateka maji ya mito inayoshuka milimani, wakayagawa kwa mifereji ya mawe hadi kwenye mashamba ya takriban hekta 2,000. Kufikia mwisho wa karne ya 18 walikuwa wamehama. Louis Leakey alichimba pale mwaka 1935, akakadiria kuwa waliishi watu zaidi ya 30,000; watafiti waliomfuata waliona idadi hiyo ni kubwa mno.

Jina walilojiita limepotea, nasi tunawaita watu wasiojulikana. Lakini mfereji mmoja hauwezi kumwagilia kila shamba kwa saa ileile. Anayefungua maji usiku anakausha mtama wa jirani. Lazima palikuwa na zamu, wazee wa kuamua ugomvi, na aibu kwa mwizi wa maji. Wasonjo, kaskazini mwa pale, wanalima kwa mifereji mpaka leo. Watu wa Engaruka walijuana vizuri sana. Wageni ni sisi.