Kunde, Bamia na Mandari ya Mwezi wa Sita

Mwezi wa sita ukifika, bustani za pale Joe Pool Lake zinajaa watu wetu. Mikeka imetandazwa, nyama iko motoni, chapati zimefunikwa, na sukuma wiki haikosi. Watu wa Pwani wanaita mandari, wengi wetu tunasema pikiniki. Meza ya pili utakuta familia ya Wamarekani Weusi na sufuria zao. Tumezoea kusema hii ni mboga ya nyumbani na ile ni mboga ya kwao. Lakini ukifuatilia mbegu zenyewe zilikotoka, huo mpaka unapotea.

Tuanze na sukuma wiki, maana ndiyo tunayojivunia. Asili yake si Afrika. Ni ndugu wa kabichi, na ukoo huo ulianzia Ulaya na pande za Mediterania. Kenya ilifika na walowezi wa Kizungu. Kabla ya hapo, walowezi wengine walikuwa wameshaipeleka Virginia na Carolina, na huku Marekani wanaiita collard greens. Kwa hiyo shangazi yako wa Kisii na bibi wa jirani yako aliyekulia East Texas walipokea jani moja, kila mmoja akalipika kwa akili yake.

Kunde sasa, hiyo ni ya Afrika kabisa. Mabaki yaliyochimbuliwa Ghana yana umri wa zaidi ya miaka 3,500. Mmea huu ulivuka Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani, na Wamarekani wa kusini wakauzoea mpaka wakausahau ulikotoka. Zile black-eyed peas wanazokula siku ya mwaka mpya wakitafuta bahati ni kunde tu. Mji wa Athens, mashariki mwa Dallas, unajiita makao makuu ya kunde duniani! Tofauti ni kwamba wao wanakula mbegu na majani wanayaacha shambani. Kwetu majani ndiyo mboga.

Bamia nayo ina safari yake, na unaiona kwenye majina. Sisi neno bamia tumelipata kwa Waarabu. Okra limetoka kwa Waigbo. Na gumbo, ule mchuzi wa Louisiana unaopendwa sana Houston, linaaminika limetoka kwenye lugha za Kibantu za Angola, ambako kwa Kimbundu bamia ni ki ngombo. Kimbundu na Kiswahili ni ndugu, ndiyo maana hiyo ki- hapo mwanzo haikushangazi.

Hizi mbegu hazikuishi zenyewe. Kwenye mashamba mengi ya kusini, waliofanywa watumwa walikuwa na vijibustani vyao, wakivilima usiku au Jumapili baada ya kumaliza kazi ya bwana. Na tusijifanye hiyo ni hadithi ya wengine. Kwenye mashamba ya karafuu ya Zanzibar pia watumwa walipewa vipande vya ardhi walime chakula chao wenyewe. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Texas ilitangulia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alitangaza pale Galveston kwamba watumwa wote wa Texas wako huru, zaidi ya miaka miwili baada ya tangazo la Lincoln. Mwaka uliofuata watu wakaanza kusherehekea siku hiyo kwa sala, chakula na matikiti maji. Bustani nyingi za umma ziliwafungia milango, hivyo mwaka 1872 Weusi wa Houston, wakiongozwa na wachungaji wao, walichanga pesa wakanunua eka 10. Mahali hapo panaitwa Emancipation Park mpaka leo. Ebu fikiria: walilazimika kununua ardhi ili wapate pa kukaa na kula pamoja.

Jirani zetu wa Fort Worth wana Bibi Opal Lee. Tarehe 19 Juni 1939, akiwa na miaka 12, kundi la Wazungu lilivamia na kuchoma nyumba ambayo familia yake ilikuwa imehamia siku chache tu. Mwaka 2016, akiwa na miaka 89, alianza kutembea kuelekea Washington kudai Juneteenth iwe sikukuu ya taifa. Ilikuwa hivyo mwaka 2021. Na leo kando ya mto Trinity kuna shamba la mboga lenye jina lake, Opal's Farm.

Sasa twende nyuma ya nyumba. Udongo wa huku mwingi ni ule mweusi mzito unaopasuka kiangazi, kama wa Athi River au mbuga za Usukumani. Changanya mboji, au kama unakaa apatimenti, tumia ndoo ya galoni 5 iliyotobolewa chini. Sukuma ngojea Septemba, maana jua la Julai litaitesa. Kunde na bamia ndizo zinapenda joto. Panda katikati ya Aprili, udongo ukishapata moto. Mbegu za bamia loweka usiku mmoja. Kunde usizisumbue na mbolea nyingi, zinajitafutia naitrojeni hewani. Majani utaanza kuchuma baada ya mwezi hivi, machanga, ukiacha shina liendelee. Bamia huchukua kama siku 60, kwa hiyo unafika tarehe 19 Juni na kikapu mkononi. Zichume zikiwa urefu wa kidole, kila baada ya siku mbili, zisije zikakomaa zikawa kamba.

Mwaka huu pika majani ya kunde kwa nazi, kisha peleka bakuli meza ya pili. Waulize wanazipikaje kunde zao, na wewe uwaonyeshe yale majani. Hapo mtakuwa na mengi ya kuongea, na chakula hakitapoa kwa kukosa wa kukila.