Kipumuo, Mkato na Mzigo wa Viunganishi

Baadhi ya ndugu zetu walimu wa Kenya huiita alama hii kipumuo. Sisi wengine twaiita mkato. Nimewahi kuwasikia walimu wakishindana juu ya majina haya kana kwamba moja halina budi kufa. Kwa kweli yote mawili yana haki, maana yanataja kazi mbili ambazo alama hiyo imezifanya kwa nyakati mbalimbali. Karne mbili hivi kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mtunza maktaba wa Alexandria, alitia nukta katika maandishi ya Kiyunani ili asomaye kwa sauti ajue mahali pa kupumzika. Mkato wenye mkia, kama tuujuavyo leo, ulitoka katika kiwanda cha mpiga chapa Aldus Manutius wa Venice mwishoni mwa karne ya 15. Kadiri watu walivyozoea kusoma kimya, kipumuo kiligeuka kuwa mkato: hakikupima pumzi tena, bali kiliweka mpaka wa maana.

Waswahili waliandika barua zao muda mrefu bila ya alama hiyo. Barua za Kilwa za mwaka 1711, ambazo zimehifadhiwa Goa, ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Na zile alizozichapisha Carl Büttner huko Ujerumani mwaka 1892 zatoka katika desturi iyo hiyo. (Watunzi wa tenzi walikuwa na njia zao za kutenga vipande, lakini hayo ni ya ushairi.) Mwandishi wa barua hakuwa na mkato, ila alikuwa na viunganishi. Baada ya salamu alitia "ama baadu", na msomaji akafahamu kwamba heshima zimekwisha na shauri lenyewe limeanza. "Waama" ilifungua jambo jingine, "illa" ilitenga, "walakini" iligeuza, "kwani" ilitoa sababu. Neno ndilo lililobeba mzigo. Herufi za Kirumi zilipoenea kwa mitambo ya chapa ya wamisionari katika karne ya 19, tuliupokea mkato pamoja nazo, na nadhani kidogo kidogo tukaanza kuutwika mzigo usio wake.

Mataifa yenye mkato wa siku nyingi kuliko sisi nayo yamejikwaa. Mwaka 2002, nchini Kanada, kampuni ya Rogers iliafikiana na kampuni ya Aliant kuhusu kutundika nyaya zake juu ya nguzo. Kifungu kimoja, nikikieleza kwa maneno yangu, kilisema kwamba mkataba utadumu miaka 5, na baadaye kwa vipindi vya miaka 5 mitano, isipokuwa upande mmoja utoe ilani mwaka mmoja kabla. Rogers walifahamu kuwa ile miaka 5 ya kwanza haiguswi na yeyote. Aliant walioneshea kidole mkato uliotangulia neno la "isipokuwa", wakasema kwamba sharti hilo, kwa kuwa limetengwa, larudi nyuma hata kwenye miaka ya mwanzo. Mwezi wa Julai 2006 tume inayosimamia mawasiliano iliwapa haki Aliant, na Rogers wakakadiria hasara ya dola zaidi ya milioni 2. Ndipo wakaleta nakala ya Kifaransa ya mkataba uo huo. Hiyo ilionekana kuwa na maana moja tu, na Agosti 2007 tume ikaugeuza uamuzi wake.

Sisi wa Burundi tuliosomeshwa Kifaransa twaweza kutabasamu, lakini tusijisifu. Kifaransa hakikushinda kwa uzuri wa asili yake. Sentensi yake ilijengwa kwa namna nyingine, basi. Hata Waingereza wangeliweza kuivunja yao kuwa mbili.

Mwaka mmoja kijana niliyemfundisha zamani alinijia mkono wake ukiwa umefungwa bendeji. Alikuwa ameajiriwa kutunza jenereta, na ukutani palibandikwa maagizo haya: "Zima jenereta na usubiri ipoe au uongeze maji, ikiwa taa nyekundu inawaka." Kijana alisoma hivi: siku za kawaida, zima na usubiri, taa ikiwaka, ongeza maji. Taa iliwaka. Alifungua kifuniko cha rejeta injini ingali moto, na mvuke ukamchoma. Msimamizi wake alimlaumu kwa kutojua kusoma. Mimi naona alisoma sawasawa. "Au" humpa mtu hiari, wala mkato hauwezi kumnyang'anya hiari aliyopewa na neno. Hata tungeuhamisha mkato huo mahali pengine katika sentensi, "au" ingalibaki pale pale ikimwambia achague, na hali aliyetunga maagizo alitaka mambo hayo yafuatane.

Kijana aliomba tuyaandike upya pamoja, naye akayapeleka kazini. Tuliandika: "Taa nyekundu ikiwaka, zima jenereta. Subiri mpaka injini ipoe kabisa, ndipo ufungue kifuniko. Kisha ongeza maji." Alisita kidogo kwenye "ndipo", akasema kwamba neno hilo ni la hadithi za bibi, si la karatasi ya kazini. Nikamwambia aliache.