Nyaraka na tovuti za bure: zilitoka wapi, na jinsi ya kuzikamua vizuri

Makala ya leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo chukueni chai kabisa.

Kila mwezi sikosi ujumbe wa mtu anayeuliza hivi: "Tunataka tovuti ya shule yetu, au ya chama chetu, na pesa hatuna. Ile ya bure inatosha?" Nami hujibu kwamba mara nyingi inatosha, tena inaweza kufanya kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ila kabla hujaweka majina ya wanachama na hesabu zenu huko, ni vizuri ujue vitu hivi vya bure vilitoka wapi, nani alivijenga, na vile vilivyotangulia viliishia wapi. Nimesomea sayansi ya kompyuta, na sikumbuki mhadhiri yeyote akitugusia habari hii.

Viwanja vya bure

Tuanzie Marekani mwaka 1994. David Bohnett na John Rezner walianzisha kampuni waliyoiita Beverly Hills Internet, na mwaka uliofuata ikapewa jina la GeoCities. Wazo lao lilikuwa la kupendeza: mtu yeyote apewe kiwanja mtandaoni bila kulipa, ndani ya mtaa unaomfaa. Mashabiki wa filamu walikwenda mtaa wa Hollywood, wa kompyuta wakaenda SiliconValley, na anwani ya ukurasa wako ilibeba jina la mtaa na nambari ya nyumba. Kurasa zenyewe zilikuwa vurugu tupu, maandishi yanayomweka, muziki unaoanza kupiga kabla hujauomba. Lakini kwa watu wengi sana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuandika kitu kikasomwa na mtu wa nchi nyingine.

Januari 1999 Yahoo! ilitangaza kuinunua GeoCities kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 3.6 hivi. Juni mwaka huohuo ikaleta masharti mapya ambayo yaliipa kampuni haki pana mno juu ya kila kitu ambacho wenye viwanja walikuwa wameandika. Watu waliwaka, wengine wakahama, na baada ya siku chache Yahoo! ikarudi nyuma. Miaka 10 baadaye, tarehe 26 Oktoba 2009, GeoCities ikazimwa (ya Japani iliendelea hadi Machi 2019). Kundi la watu wa kujitolea liitwalo Archive Team, akiwemo Jason Scott, lilikimbizana na tarehe hiyo likinakili kurasa moja baada ya nyingine, na mwaka 2010 likatoa nakala ya zaidi ya gigabaiti 600 ili yeyote aipakue. Aliyenunua kwa mabilioni hakuona haja ya kutunza. Waliookoa ni watu wasiolipwa hata senti.

Word ndani ya kivinjari

Sasa tuje kwenye nyaraka. Mwaka 2005 watu wachache wa kampuni ndogo iitwayo Upstartle, yaani Sam Schillace, Steve Newman na Claudia Carpenter, walijiuliza kama mtu anaweza kuandika barua ndani ya kivinjari bila kusakinisha programu yoyote. Mwezi Agosti wakafungua Writely. Kinachonichekesha mimi kama mwandishi wa programu ni kwamba vifaa viwili walivyovitegemea vilitoka Microsoft. Cha kwanza ni uwezo wa ukurasa kuongea na seva kimyakimya bila kujipakia upya, uliokuja na Internet Explorer 5 mwaka 1999. Cha pili ni contentEditable, amri inayougeuza ukurasa kuwa sehemu ya kuandikia, iliyokuja na Internet Explorer 5.5 mwaka 2000. Microsoft ilichonga mpini wa shoka lililokuja kuukata mti wa Word.

Google iliinunua Writely Machi 2006. Juni ikatoa lahajedwali ya mtandaoni, iliyotokana na kazi ya kampuni nyingine ndogo, 2Web Technologies, na Oktoba ikaviunganisha viwili hivyo. Hivyo ndivyo Google Docs ilivyozaliwa. Usisahau kwamba hawakuwa peke yao. Zoho ilikuwa na Writer yake tangu 2005, na bado ipo.

Na huku kwetu? Desemba 2004, kabla hata ya Writely, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisini yenye menyu za Kiswahili, ya bure na ya chanzo huria. Hiyo iliishi ndani ya kompyuta yako na haikukuuliza kama una intaneti. Kwa mazingira ya wakati ule naiona ilikuwa na akili zaidi. Kumbukeni kwamba Kenya ilitegemea setilaiti hadi mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipoanza kufanya kazi. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, lakini saiba nazikumbuka vizuri: unalipa kwa dakika. Kuandika barua mtandaoni kulikuwa sawa na kuacha teksi ikiunguruma huku unatafuta viatu. Watu waliandika kwenye Word, wakahifadhi kwenye flashi, na flashi ikarudi nyumbani na virusi.

Google nao waliliona tatizo. Mwaka 2008 walijaribu kuruhusu Docs kufanya kazi bila intaneti kwa kutumia kiongezi kiitwacho Gears, wakakiondoa Mei 2010, na uwezo huo ukarudi mwaka 2012. Leo, ukienda kwenye mipangilio na kuwasha matumizi ya nje ya mtandao, unaweza kuandika ndani ya basi kutoka Voi hadi Nairobi na hati ikajisawazisha ukifika. Nashangaa ni wangapi hawajawahi kuibofya swichi hiyo.

Kuhusu vyuo, Machi 2007 Google ilitangaza makubaliano na KENET, mtandao wa elimu wa Kenya, na pia na serikali ya Rwanda, kuvipa vyuo barua pepe na nyaraka hizi bila malipo. Kizazi kizima cha wanafunzi kikazoea hapo. Mtu haachi kirahisi chombo alichoandikia mradi wa mwaka wa mwisho.

Herufi 12 au herufi 21?

Mniruhusu nikae hapa kidogo, maana ndipo penye utamu. Watu wawili wanawezaje kuandika kwenye hati moja kwa wakati mmoja bila kuharibiana?

Chukua sentensi "Mkutano saa nne". Wewe uko Kisumu, unaruka herufi 8 (nafasi tupu inahesabiwa) na kuingiza "wa chama " baada ya neno la kwanza. Sekunde hiyohiyo mimi niko Nairobi nabadilisha "nne" kuwa "tano". Kompyuta yangu inaiambia seva: ruka herufi 12, futa 3, weka "tano". Lakini yako imetangulia kufika, na sentensi sasa ni "Mkutano wa chama saa nne". Amri yangu ikifuatwa ilivyo, itafuta katikati ya neno "chama". Kwa hiyo seva inatazama amri yako, inaona umeongeza herufi 9, na kuigeuza yangu iwe: ruka 21, futa 3, weka "tano". Matokeo ni "Mkutano wa chama saa tano", kwako na kwangu.

Mbinu hii ya kuzigeuza amri ili zipatane haikuvumbuliwa na Google. Clarence Ellis na Simon Gibbs waliieleza mwaka 1989, miaka mingi kabla kivinjari hakijawa kitu cha nyumbani. Writely ya awali haikuitumia hivyo. Iliachia kivinjari kazi ya uhariri, na kila kivinjari kina tabia zake. Mwaka 2010 Docs iliandikwa upya: contentEditable ikaachwa, na programu yenyewe ikaanza kushika kila herufi unayobonyeza na kuchora hata mshale wa kuandikia. Faida unayoipata bure ni kwamba kila amri imehifadhiwa. Fungua historia ya matoleo na utaona nani aligeuza tarakimu gani, siku gani, saa ngapi. Kwa mweka hazina wa chama hicho ni kitu kikubwa kuliko fonti zote za Word.

Lahajedwali inayofanya kazi ya programu

Februari 2008 fomu ziliongezwa kwenye lahajedwali, na mwaka 2009 ikaja Apps Script, JavaScript inayoishi ndani ya hati zako. Tangu hapo lahajedwali ya bure imekuwa hifadhidata ya maskini, nami nasema hivyo kwa heshima. Chama cha shangazi yangu huko Voi kinaitumia hivyo: fomu ya kurekodi michango, lahajedwali inayojumlisha, na kipande kifupi cha msimbo kinachotuma barua pepe kila tarehe 5. Akaunti ya kawaida inaruhusu wapokeaji 100 kwa siku; chama cha watu 30 hakitafika huko.

Lakini jihadharini na kosa hili ambalo naliona kila mahali. Watu huweka karatasi yenye nambari za simu na za kitambulisho, wanaificha, kisha wanagawa kiungo cha faili zima kwa "kutazama tu". Anayetazama anaweza kutengeneza nakala yake na kuifichua karatasi hiyo. Tengeneza faili mbili. La kwanza lina kila kitu na linafunguliwa na viongozi peke yao. La pili linavuta jumla tu kutoka la kwanza kwa fomula ya IMPORTRANGE, na hilo ndilo unalolichapisha kwa watazamaji. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na chama hakina msamaha kwa sababu tu kifaa chake kilikuwa cha bure.

Tovuti zenyewe

Kwa upande wa tovuti, Google ilianza na Page Creator Februari 2006, ikainunua JotSpot ya Joe Kraus na Graham Spencer Oktoba mwaka huo, na kutokana nayo ikatoa Google Sites mwaka 2008. Page Creator ikazimwa. Mwaka 2016 ikaja Sites mpya, na ile ya zamani nayo ikazimwa baadaye. Fusion Tables, iliyopendwa na waandishi wa habari kwa kuchora ramani, ilianza 2009 na kufa Desemba 2019. Agosti 2021 ikazimwa ile njia ya zamani ambayo tovuti nyingi ndogo zilitumia kusoma data moja kwa moja kutoka kwenye lahajedwali, na tovuti hizo zikaamka zikiwa tupu.

Kenya ina kisa chake. Septemba 2011 Google na washirika wake, wakiwemo Safaricom, Equity na KENIC, walizindua mpango wa Getting Kenyan Businesses Online: biashara ndogo ipewe tovuti na jina la .co.ke bila malipo kwa mwaka wa kwanza. Wakati huo kulikuwa na kampuni ya Nairobi iitwayo Mocality, iliyokuwa imekusanya orodha ya biashara zaidi ya 100,000 kwa kuwalipa wananchi kwa M-PESA. Wenye biashara walipoanza kupiga simu wakiuliza maswali ya ajabu, Mocality ilitega mtego: wageni waliotiliwa shaka wakaonyeshwa nambari za simu za Mocality yenyewe. Simu zikaingia, wapigaji wakiuza tovuti za mpango ule na kudai wanashirikiana na Mocality. Tarehe 13 Januari 2012 kampuni hiyo ikayaanika yote, na siku hiyohiyo Nelson Mattos, makamu wa rais wa Google, akaomba radhi hadharani. Mocality ilifungwa mwaka 2013. Sikisimulii ili mchukie tovuti za bure. Nakisimulia kwa sababu ndicho kisa kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba mwenye duka ambaye bado hana tovuti alikuwa ni bidhaa ya kugombewa.

Kama unaanza leo, tumia Sites, lakini nunua jina lako mwenyewe, .co.ke kwa biashara au .sc.ke kwa shule, na uliunganishe. Siku mtoaji akifunga, unahamia kwingine na anwani inabaki ileile. Shule moja ya msingi ninayoijua ilijengewa tovuti na mwalimu kwenye huduma ya bure, kwa akaunti yake binafsi. Mwalimu akahamishwa, akaunti ikalala, na leo kiungo kilichochapwa kwenye kalenda za shule kinafungua ukurasa wa kosa. Tangu Desemba 2023 Google nayo hufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka 2. Kwa hiyo fungua akaunti ya taasisi, viongozi wawili wawe na nywila, na mmoja wao aingie walau kila mwezi. Pia tangu 1 Juni 2021 hati mpya zinahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 mlizopewa, pamoja na barua pepe na picha.

Halafu kuna Takeout, iliyofunguliwa Juni 2011 na wahandisi wa ndani ya Google waliotaka watu waweze kuondoka na mali zao. Inakupa hati zako zote katika faili moja la kupakua. Shangazi hulipakua kila Desemba na kuliweka kwenye flashi mbili, moja kwake na moja kwa mwenyekiti.

Makala ijayo nitaweka msimbo wenyewe wa ile barua pepe ya tarehe 5, mistari kama 15 hivi. Andaeni lahajedwali yenye safu tatu: jina, anwani ya barua pepe na kiasi kilichobaki.