Changanua: kutoka mti wa sentensi hadi hati ya XML

changanua *kitenzi elekezi* 1. tenganisha vitu vilivyochanganyika. 2. (sarufi) gawa sentensi katika sehemu zake na kuonyesha uhusiano wa sehemu hizo. 3. (kompyuta) soma matini yenye alama na kutambua muundo wake, ili programu iweze kuzitumia sehemu zake moja moja. *Nomino:* uchanganuzi, kichanganuzi. *Linganisha:* chambua, changanya.

Maana ya tatu ni mpya, lakini haikutoka mbali. Changanua ni kauli ya kutendua ya changanya, kama fungua ilivyo kwa funga. Mfasiri anayeandika "kuchambua XML" hueleweka, ila chambua hubeba wazo la kuondoa kisichotakiwa, kama mtu achambuavyo mboga au pamba, na tena wazo la uhakiki. Kichanganuzi cha XML hakipaswi kutupa kitu. Kazi yake ni kuonyesha kipi kimo ndani ya kipi.

Mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kuchora mti wa sentensi, kuanzia S, kisha KN na KT, hadi neno moja moja, tayari anaujua muundo huo. XML, ambayo W3C iliipitisha Februari 1998 ikiwa tawi jepesi la SGML, hudai hati iwe na kipengele kikuu kimoja, na kila kipengele kingine kifungwe ndani ya kile kilichokizaa. Kitomeo cha kamusi huweza kuandikwa hivi:

`<kitomeo id="k1">`
`  <kidahizo>ng'ombe</kidahizo>`
`  <ngeli umoja="a" wingi="wa"/>`
`  <maana>mnyama afugwaye kwa maziwa na nyama</maana>`
`</kitomeo>`

Hapa kuna uamuzi ambao msomaji haraka huupita. Ngeli imewekwa kama sifa mbili zinazojitegemea, wala si kama maandishi "[a-/wa-]" yanayochapwa katika kamusi za karatasi. Binadamu huyaelewa mabano hayo mara moja; programu ingelazimika kuyachanganua upya kila mara, na mhariri mmoja akisahau mstari wa mshazari, maneno ya ngeli hiyo hayatapatikana. Kinachotafutwa peke yake kiwekwe peke yake. Maana, kwa upande mwingine, ni kipengele wala si sifa, kwa kuwa siku moja itahitaji mfano ndani yake, na sifa haiwezi kubeba kipengele kingine.

Neno *ng'ombe* halikuchaguliwa kwa bahati. Ritifaa ya Kiswahili ni sehemu ya tahajia, na katika XML alama hiyohiyo huweza kufunga sifa. Mtu akiandika `neno='ng'ombe'`, sifa inaishia kwenye *ng*, na kichanganuzi hulazimika kuitangaza hati nzima kuwa na kosa la kimuundo. Hakiruhusiwi kukisia. Dawa ni kutumia alama za nukuu mbili, au kuandika `&apos;` mahali pa ritifaa. Ndani ya maandishi ya kawaida ya kipengele ritifaa haina madhara yoyote.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa kuwa halitangazwi. Vichanganuzi vya mtindo wa SAX huipitia hati kutoka mwanzo hadi mwisho na kuiarifu programu kila vikutanapo na kitu: kipengele kimefunguka, maandishi yamefika, kipengele kimefungwa. Maandishi ya kipengele kimoja yaweza kuletwa vipande vipande, na vichanganuzi vingi hukata palepale penye `&apos;`. Programu inayohifadhi kipande cha mwisho badala ya kuviunganisha vyote itapokea *ng*, kisha ritifaa, kisha *ombe*, na kamusi itajikuta na kidahizo "ombe". Majaribio yaliyofanywa kwa *mbuzi* na *kondoo* hayatalifichua. Vipande vikusanywe hadi kipengele kifungwe.

Liko na suala la ritifaa ipi. Unicode ina U+0027 ya kibodi, U+2019 ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe, na U+02BC inayohesabiwa kuwa herufi. Machoni zinakaribia kufanana. Kwa kompyuta ni tatu tofauti, na usawazishaji wa kawaida wa Unicode hauziunganishi. Kamusi ichague moja, na ibadilishe nyingine wakati wa kupakia data na pia wakati wa kupokea neno la mtafutaji.

Kuhusu kasi na kumbukumbu, njia kuu ni mbili. Njia ya DOM hujenga mti mzima kwanza. Ni rahisi kuitumia, lakini mti huo huweza kuchukua kumbukumbu mara kadhaa ya ukubwa wa faili. Kwa shairi au barua haina ubaya. Kwa kamusi nzima ni sawa na kuchora mti wa kila sentensi ya kitabu kabla ya kujibu swali kuhusu sentensi moja. Njia ya mkondo hubeba sehemu moja tu kwa wakati. Kwa kamusi sehemu hiyo ni kitomeo, nayo hufaa kuliko zote: soma kitomeo kimoja, kijengee mti mdogo, kiandike katika hifadhidata, kisha kiachilie. Katika Python, `iterparse` ya ElementTree hufanya hivyo, mradi kila kitomeo kisafishwe kwa `clear` baada ya kutumika na pia kiondolewe katika kipengele kikuu, ambacho la sivyo huendelea kushikilia maelfu ya vitomeo vitupu.

Mpango huo una gharama katika vitenzi. Kamusi nyingi huorodhesha *someka* na *somesha* ndani ya kitomeo cha *soma*. Msomaji wa mkondo hawezi kurudi nyuma, kwa hiyo kila umbo la mnyambuliko liandikwe katika faharasa palepale linapopita, likielekeza kwenye `id` ya kitenzi mama. Atafutaye *somesha* ataletewa kitomeo chote, pamoja na ndugu zake.

Mifano ya matumizi nayo huchanganya maandishi na vipengele:

`<mfano>Jana <lengo>tulichanganua</lengo> sentensi mbili.</mfano>`

Katika ElementTree, `text` ya `mfano` ni "Jana" tu, pamoja na nafasi inayolifuata; "sentensi mbili" huhifadhiwa kama `tail` ya `lengo`. Anayehitaji sentensi kamili aviunganishe vyote kwa `itertext`, bila kufuta nafasi zilizo kati ya maneno.