Govan, Mtaa wa Mabaraza

Kusini mwa mto Clyde, karibu kabisa na katikati ya jiji la Glasgow, kipo kitongoji ambacho wenyeji wake bado hukitaja kama mji wao wenyewe, ingawa jiji lilikimeza zaidi ya karne moja iliyopita. Kinaitwa Govan. Wengi huijua Govan kwa meli na mpira: karakana za kandokando ya mto, uwanja wa Ibrox wa klabu ya Rangers, na kocha Alex Ferguson, aliyekulia hapo akiwa mtoto wa mfanyakazi wa karakana ya Fairfield. Sifa hizo ni za haki, lakini hazitoshi. Ukiifuatilia historia ya Govan tangu mwanzo, unakuta jambo moja linalojirudia kila zama: watu wanaokaa kikao, wanalijadili lao, kisha wanalitekeleza, hata pale ambapo sheria haikuwapa mamlaka yoyote.

Tuanze mbali. Mwaka 870 Waviking waliizingira ngome ya Dumbarton, iliyo chini zaidi kwenye mto huohuo, kwa muda wa miezi minne, wakaiteka, na mwaka uliofuata wakasafirisha mateka wengi hadi Dublin. Wafalme wa Wabriton wa eneo hilo, watu ambao lugha yao ilikuwa ndugu wa Kiwelisi cha leo, walihamishia makao yao juu ya mto. Wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Stephen Driscoll wa Chuo Kikuu cha Glasgow aliyeongoza uchimbaji hapo katika miaka ya 1990, wanaiona Govan kuwa kitovu cha ufalme huo mpya, Strathclyde. Ushahidi mkubwa umo ndani ya kanisa la Govan Old: mawe 31 yaliyochongwa kati ya karne ya 9 na ya 11. Yamo mawe matano makubwa ya makaburi yenye umbo la mgongo wa nguruwe, mtindo wenye asili ya watu wa kaskazini. Limo pia jeneza la jiwe lenye nakshi za wanyama na mpanda farasi, lililofukuliwa uani mwa kanisa mwaka 1855.

Karibu na kanisa hilo palikuwa na kilima kilichojengwa kwa mikono ya watu, Doomster Hill. Inaaminika kwamba hapo ndipo mfalme alipoketi na watu wake, sheria zikatangazwa na mashauri yakaamuliwa. Njia moja iliunganisha kanisa, kilima na kivuko cha mto. Mtu aliyevuka kutoka Partick, ng'ambo ya pili, alifika moja kwa moja barazani. Kilima hicho hakipo tena. Viwanda vilikifuta katikati ya karne ya 19, na hasara hiyo inauma, kwa kuwa mahali pachache nchini Uskoti palibaki na baraza la kale lenye ukubwa ule. Baadhi ya mawe ya kanisani nayo yalipotea mwaka 1973, jengo la karakana ya jirani lilipobomolewa. Mwaka 2019 kijana wa shule aliyekuwa akijitolea katika uchimbaji wa kijamii alifukua mojawapo, na mengine yakaonekana baada yake.

Kwa karne nyingi baada ya ufalme huo Govan ilikuwa kijiji cha wavuvi wa samoni, wakulima na wafumaji. Tusikae sana hapo, isipokuwa kwa tamasha la kila Juni, Govan Fair, ambalo limeurithi ulimwengu huo. Katika maandamano yake hubebwa kichwa cha kondoo juu ya mti. Masimulizi husema kijana mmoja alimpenda mtumishi wa mchungaji wa kanisa, mchungaji akakataa asimwoe, naye kijana akalipiza kwa kukata vichwa vya kondoo wa mchungaji na kuondoka na mpenzi wake. Kijiji kilisimama upande wa wapendanao. Mpaka leo kichwa hicho kinatembezwa barabarani, na watoto wanakijua kisa chake.

Kisha ikaja meli. Robert Napier alianza kujenga meli za chuma Govan mwaka 1841. Mhandisi John Elder, aliyeboresha injini ya mvuke ikatumia makaa pungufu sana, alihamishia karakana yake kwenye shamba lililoitwa Fairfield mwaka 1864. Mwaka huohuo Govan ikawa manispaa, ikiwa na watu wapatao 9,000. Miaka arobaini na kitu baadaye walikuwa zaidi ya 90,000. Walitoka nyanda za juu za Uskoti wakizungumza Kigaeli, walitoka Ireland, walitoka mashambani, wakapanga katika majengo ya mawe ya ghorofa nne, familia nzima katika chumba kimoja au viwili. Kaulimbiu ya manispaa yao ilisema hakuna kitu bila kazi, na nembo ilikuwa na meli ikiwa bado juu ya chelezo.

Msomaji wa Mwanza, Bukoba au Kisumu anaujua ufundi wa mto huu bila kuambiwa. MV Victoria ya Ziwa Victoria iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Scotstoun, ng'ambo tu ya Govan, ikasafirishwa vipandevipande na kuunganishwa Kisumu kabla ya kuanza safari zake mwaka 1961.

John Elder alifariki mwaka 1869 akiwa na umri wa miaka 45. Mjane wake, Isabella, aliisimamia karakana kwa miezi kadhaa, kisha akaikabidhi kwa wengine na kugeukia mji. Mwaka 1885 aliwapa watu wa Govan bustani kubwa mbele ya lango la Fairfield, Elder Park, na mwaka 1903 maktaba iliyofunguliwa na Andrew Carnegie. Aligharimia pia elimu ya juu ya wanawake Glasgow, ikiwemo masomo ya udaktari. Sanamu yake iliyosimamishwa bustanini mwaka 1906 ilichangiwa na watu wenyewe.

Mwaka 1912 Glasgow iliichukua Govan. Halmashauri ikavunjwa, meya akaondoka. Kwa hesabu za kiserikali, mji wa Govan ulikwisha hapo. Lakini miaka mitatu tu baadaye wanawake wa mitaa yake waliilazimisha serikali ya Uingereza kubadili sheria, na kwangu mimi hiki ndicho kilele cha historia yao.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imevuta maelfu ya wafanyakazi kwenye karakana na viwanda vya silaha. Vyumba vikawa adimu, wenye nyumba wakapandisha kodi, wakati wanaume wengi wako vitani. Mary Barbour, mzaliwa wa Kilbarchan mwaka 1875 na aliyewahi kufanya kazi ya kuchapa mazulia, aliishi Linthouse, upande wa magharibi wa Govan. Yeye na wenzake waliitisha vikao jikoni, kwenye ngazi na nyua za nyuma zilizokuwa na nyumba za kufulia. Makubaliano yao yalikuwa mepesi kueleza na magumu kutekeleza: kodi ya zamani italipwa, nyongeza hailipwi. Waliweka mabango madirishani. Dalali wa mahakama alipotokea kutoa vyombo nje, kengele ilipigwa, wanawake wakatoka kila mlango, wakaziba njia ya kuingilia na kumrushia mifuko ya unga. Mgomo ukaenea, na kufikia Novemba 1915 kaya zipatazo 20,000 za Glasgow zilikuwa ndani yake. Tarehe 17 mwezi huo wapangaji 18 walipofikishwa mahakamani, wanawake waliandamana hadi mjini, na wanaume wa karakana wakaacha zana na kuwafuata. Kesi zikaondolewa. Kabla ya mwaka kwisha bunge lilipitisha sheria ya kurudisha kodi kwenye kiwango cha kabla ya vita. Barbour akachaguliwa diwani mwaka 1920, akapigania zahanati, maziwa ya watoto na nyumba bora.

Miaka ya 1930 ilileta njaa. Mchungaji George MacLeod wa Govan Old aliwaona mafundi wasio na kazi wakijaa mitaani. Mwaka 1938 aliwachukua baadhi yao pamoja na wachungaji vijana hadi kisiwa cha Iona, wakajenga upya majengo ya monasteri ya kale. Jumuiya ya Iona, inayojulikana leo katika makanisa ya nchi nyingi, ilizaliwa kutokana na dhiki ya Govan.

Mwaka 1971 serikali ya Edward Heath iliinyima mkopo kampuni ya Upper Clyde Shipbuilders, iliyoziunganisha karakana za mto, Fairfield ikiwemo. Wafanyakazi 8,500 walikuwa hatarini. Viongozi wao, akiwemo Jimmy Reid mzaliwa wa Govan na Jimmy Airlie wa Fairfield, hawakuitisha mgomo. Walishika malango na kuendelea kujenga meli, hata wale waliokwisha kuachishwa na mfilisi, huku wakilipana kwa michango. Februari 1972 serikali ilirudi na pauni milioni 35. Reid alipofariki mwaka 2010, ibada ya mazishi yake ilifanyika Govan Old, na Ferguson alikuwa miongoni mwa waliozungumza.

Wakati huohuo jiji lilikuwa likibomoa majengo ya zamani na kuhamishia watu mitaa mipya ya pembezoni. Wakazi wa Taransay Street walikataa. Wakisaidiana na Raymond Young na wasanifu wenzake kutoka Chuo Kikuu cha Strathclyde, walionyesha kwamba jengo la mawe linaweza kutiwa bafu na choo ndani bila mtu kupoteza majirani zake. Bafu liliwekwa pale palipokuwa na kijichumba cha kitanda. Chama cha nyumba kilichoongozwa na wakazi kikaanzishwa, na mfano wake ukaenea Glasgow nzima. Bila juhudi hizo, majengo mengi ya mawe ambayo wageni huyapiga picha leo yasingekuwepo.

Mwaka 1996, jirani hapo Kinning Park, wakazi waliikalia nyumba yao ya shughuli za jamii siku 55 mchana na usiku ili isifungwe. Haikufungwa.

Govan ya leo bado ina maskini wengi, na karakana moja tu ndiyo inayojenga meli, tena za kivita. Lakini Machi 2018 sanamu ya Mary Barbour ilizinduliwa karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi, akiwa ametangulia msururu wa wanawake na watoto. Septemba 2024 lilifunguliwa daraja la waenda kwa miguu na baiskeli hadi Partick, kwenye njia ya kivuko cha kale ambacho feri zake zilisimama miaka ya 1960. Na ukumbi mpya mkubwa wa kuundia meli uliofunguliwa mwaka 2025 umepewa jina la Janet Harvey, fundi umeme aliyefanya kazi katika karakana za Clyde wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipokuwa mwanamke kijana kati ya maelfu ya wanaume.