Thesalonike: Mji wa Mtume Paulo na Meza Isiyowasahau Wafu

Thesalonike, ambao leo wenyeji huuita Thessaloniki, ni mji wa bandari ulioko kaskazini mwa Ugiriki, kandokando ya Ghuba ya Thermaikos. Ni wa pili kwa ukubwa nchini humo baada ya Athene. Waamini wengi wa kwetu hulifahamu jina lake hata kabla ya kuiona ramani yake, kwa sababu nyaraka mbili za Mtume Paulo kwa Wathesalonike husomwa katika Misa, na sehemu ya ule wa kwanza husikika katika ibada za mazishi. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wanaojiandaa kuhiji katika nyayo za Mtume, na pia kwa wanaozisoma nyaraka zake wakiwa nyumbani. Inaanza na historia, inapita katika makanisa na masoko, na kuishia mezani. Huko mezani ndiko mgeni anakoona wazi jinsi wakazi wa mji huu wanavyoishi yale ambayo Paulo aliwafundisha wazee wao wa imani: kazi, ukarimu, na tumaini juu ya waliolala katika Kristo.

Asili ya mji

Mji ulianzishwa yapata mwaka 315 KK na Mfalme Cassander wa Makedonia, aliyeupa jina la mke wake Thessalonike, dada wa Aleksanda Mkuu kwa upande wa baba. Warumi walipoitwaa Makedonia, mji ukawa makao makuu ya jimbo. Barabara yao kuu iitwayo Via Egnatia, iliyotoka Bahari ya Adriatiki kuelekea mashariki, ilipita hapo. Kwa njia hiyo walifika wafanyabiashara, askari, watumwa na wahubiri.

Paulo na nyumba ya Yasoni

Mtume Paulo na Sila walifika Thesalonike yapata mwaka 50 BK, wakitoka Filipi walikopigwa na kufungwa gerezani. Sura ya 17 ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba Paulo alihubiri katika sinagogi kwa Sabato tatu, na baadhi ya Wayahudi, Wagiriki wengi wacha Mungu na wanawake wenye heshima wakaamini. Kisha ghasia ikazuka. Umati ulipowakosa mitume, ulimkamata Yasoni, aliyewakaribisha nyumbani kwake, ukampeleka mbele ya wakuu wa mji. Yasoni aliachiliwa baada ya kutoa dhamana, na usiku uleule ndugu wakawasafirisha Paulo na Sila kwenda Beroya. Kanisa la Thesalonike, basi, lilizaliwa katika nyumba ya mtu aliyelipa gharama ya kupokea wageni.

Paulo mwenyewe hakutaka kuwa mzigo kwa wenyeji wake. Anawakumbusha katika waraka wa kwanza kwamba alifanya kazi usiku na mchana huku akiwahubiria, na katika waraka wa pili wanakemewa wale wanaokula chakula cha wengine bila kutaka kufanya kazi. Waraka wa kwanza aliuandika akiwa Korintho, yapata mwaka 50 au 51 BK, na wataalamu wengi wa Maandiko wanauhesabu kuwa wa kale kuliko nyaraka zake zote.

Makanisa ya kutembelea

Mwaka 1988 UNESCO iliorodhesha majengo ya Kikristo na ya Kibizanti ya Thesalonike miongoni mwa urithi wa dunia. Moja ni Rotonda, jengo la mviringo lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 4 wakati wa Kaisari Galerius. Baadaye lilifanywa kanisa, kisha msikiti katika enzi ya Waturuki Waosmani walioutwaa mji mwaka 1430, na mnara wake wa adhana ungali umesimama.

Basilika ya Mtakatifu Demetrio, shahidi na msimamizi wa mji, imejengwa mahali ambapo mapokeo yanasema aliuawa mwanzoni mwa karne ya 4. Iliteketea katika moto mkubwa wa Agosti 1917, ikajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 1949. Masalia ya mtakatifu huyo, yaliyokuwa yametunzwa nchini Italia, yalirudishwa Thesalonike kati ya mwaka 1978 na 1980. Ilikuwa ishara ya udugu kati ya Wakatoliki na Waorthodoksi.

Thesalonike ndiko walikozaliwa pia Watakatifu Sirili na Metodi, mitume wa Waslavi. Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza kuwa wasimamizi wenza wa Ulaya tarehe 31 Desemba 1980. Wao walitafsiri Maandiko na Liturujia katika lugha ya watu waliotumwa kwao, jambo ambalo Kanisa linalosali kwa Kiswahili halina budi kulishukuru.

Soko na chakula

Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huu katika mtandao wake wa miji ya ubunifu kwa upande wa mapishi. Asubuhi wauzaji wa barabarani huuza koulouri, mkate mwembamba wa duara uliofunikwa ufuta, ambao mfanyakazi huula akienda kazini. Migahawa midogo huandaa bougatsa: tabaka za unga nyembamba kama manda za sambusa, zikijazwa jibini, nyama ya kusaga au krimu tamu ya maziwa, kisha kuokwa na kukatwa vipande. Katika masoko ya Kapani na Modiano zimo zeituni, viungo, samaki na kome, hao wa mwisho wakifugwa katika ghuba na kupikwa pamoja na wali. Jioni watu hukaa kwa muda mrefu kuzunguka sahani ndogondogo za meze, na kila mmoja huchota katika sahani zilezile.

Vingi kati ya vyakula hivyo vina historia ya machozi. Mwaka 1923, kwa mkataba wa Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilibadilishana wakazi: Waislamu wa Thesalonike waliondolewa, na Wakristo kutoka Asia Ndogo wakaja wakiwa wakimbizi. Walikuwa wamepoteza nyumba na makaburi ya wazazi wao, lakini walikuja na ujuzi wa kupika. Viungo na vitafunio ambavyo mgeni huvisifu leo viliingia mjini kwa mikono yao.

Mfungo na ngano ya marehemu

Kalenda ya Kiorthodoksi huongoza majiko. Katika Kwaresima Kuu waamini huacha nyama, mayai na maziwa, na siku nyingi samaki pia. Lakini kome, ngisi na pweza huruhusiwa. Kwa hiyo Jumatatu ya kwanza ya mfungo meza hujaa viumbe hao wa baharini, maharage, zeituni na lagana, mkate bapa usiotiwa hamira. Usiku wa Pasaka mfungo hufunguliwa, na watu hugonganisha mayai yaliyopakwa rangi nyekundu wakikiri kwamba Kristo amefufuka.

Lakini chakula kinachogusa kiini cha waraka wa Paulo ni kollyva. Hii ni ngano iliyochemshwa, ikachanganywa na zabibu kavu, punje za komamanga, lozi na mdalasini, kisha ikafunikwa sukari na kuchorwa msalaba juu yake. Huletwa kanisani katika kumbukumbu ya marehemu, hasa siku ya arobaini na mwaka unapotimia, ikabarikiwa na kugawiwa kwa wote. Wathesalonike wa kwanza walihuzunika wakidhani kwamba ndugu zao waliokufa wangekosa ujio wa Bwana. Paulo, katika sura ya 4, hakuwakataza kulia. Aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Kollyva hufundisha hivyohivyo: ngano huzikwa ardhini ili izae, kama Bwana alivyosema katika sura ya 12 ya Injili ya Yohane.

Wasiokuwepo mezani

Kwa karne nyingi Thesalonike ulikuwa pia mji mkubwa wa Wayahudi. Waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walipata makao hapo, wakaendelea kusema lugha yao ya Kihispania cha Kiyahudi. Soko la Modiano lenyewe lina jina la Eli Modiano, msanifu majengo wa familia ya Kiyahudi ya mjini. Mwaka 1942, chini ya utawala wa Wajerumani, makaburi yao ya kale yalibomolewa. Chuo kikuu kimejengwa juu yake. Kati ya Machi na Agosti 1943 Wayahudi zaidi ya 45,000 walisafirishwa kwa treni hadi Auschwitz, na wengi wao waliuawa mara walipofika. Mkristo anayeufuata mji huu kwa ajili ya Paulo, ambaye alianzia katika sinagogi lake, hawezi kupita bila kusimama kimya mbele ya mnara wa kumbukumbu ulioko karibu na bandari. Tamko Nostra Aetate la mwaka 1965 linatufundisha kwamba mizizi ya imani yetu imo katika watu hao.

Kwa anayekwenda kuhiji

Mkatoliki atapata Misa katika Kanisa la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, barabara ya Frangon. Anaweza kuhudhuria Liturujia ya Kiorthodoksi kwa heshima, akivaa mavazi ya staha, lakini asisogee kupokea Komunyo, kwa kuwa umoja kamili bado haujapatikana. Mwishoni hugawiwa antidoro, mkate uliobarikiwa ambao si Ekaristi. Akikaribishwa, aupokee kwa shukrani na kuombea umoja wa Kanisa.

Kabla ya safari, asome nyaraka zote mbili; ni fupi, na zinamalizika kwa saa moja. Na yeyote asiyeweza kusafiri anaweza kuishi fundisho lake palepale alipo: ale jasho lake, amfungulie mgeni mlango kama Yasoni, na kila anapoketi kula awataje marehemu wake kwa sala, akingoja pamoja nao kurudi kwa Bwana.